UZI: Ali Brigginshaw, aliyeanza kucheza raga kabla wanawake hawajaanza kulipwa

Mtabila Original (#1)

Wakuu, habari za mchana huko. Huku kwetu ni usiku tayari.

Jukwaa hili la michezo nimelisoma miaka kimya kimya, leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi, mnivumilie. Simba na Yanga zina wenyewe humu, mimi naleta kitu cha huku ninakoishi.

Nimekulia kambi ya Mtabila, Kasulu, wazazi Warundi. Baadaye tukaletwa Australia, sasa niko Ipswich, jimbo la Queensland, mji wa kale wa makaa ya mawe, kilomita 40 hivi magharibi ya Brisbane. Napiga kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Huku ukitaja mpira hakuna anayewaza mpira wa miguu. Ni raga, tena raga ya wachezaji 13. Nyota wake Allan Langer katoka hapa, akina Walters ndugu watatu wametoka hapa, na kila mzee ninayekata naye nyama ana hadithi yake ya Langer, ama alisoma naye ama alipishana naye dukani.

Sasa juzi Jumamosi nimetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, usingizi umenijaa, nakuta binti yangu (miaka 12) kasimama jikoni kavaa jezi. Timu ya wasichana, mechi ya kwanza. Kuna kinga ya meno, ile plastiki unaichovya kwenye maji ya moto ilainike, halafu unaing'ata ichukue umbo la meno yako. Akaichovya, akaing'ata, akahesabu mpaka ishirini kwa vidole, mate yanamchuruzika kidevuni. Mama yake akauliza kama maji yamechemshwa kwenye sufuria ya chai. Ndiyo, ilikuwa hiyo hiyo.

Kwenye friji kabandika picha ya gazeti: dada mmoja kaushika mpira kwa mikono miwili, kichwa juu, anatafuta wa kumpa. "Baba, huyu ni wa hapa hapa Ipswich."

Nikaingia kutafuta habari zake, nikajikuta nimesoma mpaka saa nane mchana bila kulala. Ndiyo uzi wenyewe.

Anaitwa Ali Brigginshaw. Kazaliwa Desemba 1989. Baba yake, Larry, naye aliucheza mchezo huu. Watoto huku huchanganywa timu moja wavulana na wasichana, wakikaribia miaka 12 wanatenganishwa. Siku hizi msichana akitenganishwa anahamia timu ya wasichana, kama wangu. Enzi za Ali wengi wakifika hapo safari iliishia palepale, timu ya kuhamia haikuwepo.

Yeye hakuishia hapo. Mwaka 2009, ana miaka 19, kaitwa timu ya jimbo la Queensland na mwaka huohuo kavaa jezi ya taifa. Timu ya taifa ya wanawake wanaiita Jillaroos, yaani wasichana wanaojifunza kazi kwenye ranchi za ng'ombe. (Sisi Twiga Stars tungewaita Wachunga Ng'ombe, nadhani wangesusa mazoezi.)

Naweka kituo hapa, watoto wanataka kulala. Naendelea.

Kaputula la Babu (#2)

Natia timu siti ya mbele. Ila mkuu, raga si raga tu? Kuna ya 15, ya 7, sasa umeleta ya 13. Kesho mtaleta ya watu wawili.

Ngong Road Prop (#3)

Mleta uzi akilala acha nimsaidie, mimi ni mtu wa RFUEA, uwanja wa raga wa Nairobi, tangu niko shule.

Hii yetu Kenya ya Lionesses (wanawake) na Shujaa (wanaume) inatoka ukoo wa raga ya 15. Ya 13 ni binamu waliyegombana naye. Tofauti kubwa ni hii: kwa raga ya 15 ukiangushwa, watu wanarundikana juu yako kupigania mpira. Kwa ya 13 ukiangushwa, unaamka, unauweka mpira chini, unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota, mnaendelea. Mna nafasi sita tu za kuangushwa. Ya sita ikifika hamjafunga, mpira ni wa wapinzani. Ndiyo maana ukitazama utaona wakiangushwa mara tano mtu anaupiga teke mbali.

Mguso, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, si 5. Mkwaju baada ya mguso 2, penalti 2. Ukidondosha mpira na kuupiga teke katikati ya milingoti mchezo ukiendelea, pointi 1.

Kwa hivyo namba 7 ndiye ubongo wa timu. Yeye ndiye anahesabu zile sita. Brigginshaw amecheza hapo miaka mingi, mara nyingine wanamrudisha 13 katikati kwa wababe.

Nyuki wa Tabora (#4)

Prop umeeleza vizuri kuliko watangazaji. Ila mmesema waligombana. Walikosania nini?

Mtabila Original (#5)

Nimerudi. @Nyuki, swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi huu, sikutegemea mtu ataliuliza mapema hivi.

Waligombania mshahara.

Agosti 1895, hotelini mjini Huddersfield, kaskazini ya Uingereza. Klabu zaidi ya ishirini zikajitoa chama kikuu cha raga. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, ukienda kucheza unakatwa ujira. Klabu zikataka kuwafidia ile siku iliyopotea. Mabwana wa London wakasema hapana, mchezo ni wa kujifurahisha, ukilipwa umeuchafua. Bwana mwenye mali yake ana shida gani ya kukatwa ujira? Basi wakatengana, raga ya 13 ikazaliwa pale.

Mimi mtu wa zamu, jambo hili nalielewa bila mkalimani. Nikibadilisha zamu nimpeleke mtoto mechi, najua imenigharimu kiasi gani.

Sasa mchezo uliozaliwa kwa sababu mfanyakazi asikatwe ujira wake, ukaja kuwachezesha wanawake bila malipo zaidi ya miaka mia. Na wanawake hawakuanza jana. Sydney, mwaka 1921, wanawake walicheza mechi ya raga hii mbele ya maelfu ya watu, dada mmoja Maggie Moloney akafunga miguso minne. Yakaishia hapo.

Ali anapoingia 2009 hali bado ni ileile. Ligi ya kitaifa ya wanawake hakuna. Unacheza klabu ya mtaani, mara moja kwa mwaka Queensland inakutana na jimbo jirani la New South Wales, ukibahatika mnacheza na New Zealand. Wachezaji wa kizazi kile wanasimulia walivyochangisha nauli, walivyojinunulia sare, walivyoomba likizo bila malipo. Ruan Sims, mmoja wa manahodha wa taifa, alikuwa mzimamoto. Kezie Apps alikuwa anaendesha gari kutoka Bega, kusini kabisa ya New South Wales, mpaka Helensburgh kwenda kucheza mechi ya klabu. Hebu fungueni ramani muone. Halafu anageuza gari, anarudi.

Na hapo alikuwa bora duniani kwenye nafasi yake.

Kaputula la Babu (#6)

Kasulu hadi Kigoma mjini kwa mechi ya mchangani, nauli yako mwenyewe, na ukiumia unajiuguza. Naelewa.

Mama Riziki (#7)

Wandugu, mimi niko Uvira, mdogo wangu yuko huko huko Brisbane. Naomba kuuliza, mtoto wa kike kuangushwa hivyo haumii? Mleta uzi mama yake amekubali?

Mtabila Original (#8)

@Mama Riziki, amekubali kwa masharti, dada. Sharti la kwanza kinga ya meno (ndiyo maana sufuria ilisamehewa). Sharti la pili akigongwa kichwa anatoka, hata kama anasema yuko sawa. Huku hilo ni lazima, mtoto akigongwa kichwa anapumzishwa mpaka daktari aseme. Kuumia wanaumia, sitakudanganya. Wiki ile ya kwanza ya mazoezi alirudi na mkono umechubuka kuanzia kiwiko, anamwonyesha kila mtu kama saa mpya.

Turudi kwa Ali.

Makombe ya Dunia anayo matatu. La kwanza 2013, Uingereza. New Zealand walikuwa wamechukua yote matatu yaliyotangulia: 2000, 2003, 2008. Fainali Leeds, Australia 22-12. La pili 2017, hapa Brisbane, 23-16 dhidi ya walewale New Zealand, uwanja mmoja na siku moja na fainali ya wanaume. La tatu fainali Old Trafford, Novemba 2022, 54-4, tena dhidi ya New Zealand, yeye ni mmoja wa manahodha watatu. Kati ya la kwanza na la tatu ni miaka tisa. Wengi aliobeba nao la kwanza walishastaafu.

Kwa jimbo, alikuta Queensland haijafungwa na New South Wales tangu mashindano yaanze 1999. Mfululizo huo uliishia 2016. Yaani kaonja enzi za kutofungwa, akaonja kuvuliwa taji, halafu akawa nahodha wa kulirudisha: 2020 wakashinda 24-18.

Klabu ni Brisbane Broncos. Ligi ya wanawake, NRLW, ilianza 2018. Broncos wakachukua 2018, 2019 na 2020. Hayo mawili ya mwisho kombe kalinyanyua yeye kama nahodha. Mwaka huo 2020 akapewa na medali ya Dally M, mchezaji bora wa ligi.

Mkosoaji Huru (#9)

Ngoja niwaharibie sherehe. Nimepekua: ligi ya 2018 ilikuwa na timu NNE. Kila timu mechi tatu, halafu fainali. Bingwa kacheza mechi nne, kombe kabatini. 2019 hivyo hivyo, 2020 hivyo hivyo. Makombe matatu kwa mechi kumi na mbili! Ndondo Cup ina jasho zaidi. Na fainali ya dunia ya 54-4, huo ni ushindani au ni mazoezi? Mleta uzi usitupige chai.

Nyuki wa Tabora (#10)

Duh. @Mtabila Original njoo huku.

Ngong Road Prop (#11)

@Mkosoaji Huru, hesabu yako ni sawa, lakini unamlaumu mpishi kwa ukubwa wa sufuria aliyopewa. Yeye ndiye alipanga ligi iwe ya timu nne?

Hiyo 54-4 ilitokana na nini? Waaustralia walikuwa na ligi ya kulipwa, wengine karibu wote hawana. Huku kwetu tunajua hiyo hadithi. Lionesses wameenda Olimpiki Rio 2016 na wameenda Tokyo, wakapambana na wasichana ambao kazi yao ya kila siku ni raga, halafu watu mitandaoni wanauliza mbona wamefungwa.

Mtabila Original (#12)

@Mkosoaji Huru, umepekua vizuri na sikatai hata tarakimu moja. Tena nikuongezee: ligi ya mechi nne kwa mwaka, unawezaje kujenga kiwango? Mchezaji ana umri wa miaka 28, 29, 30, ndiyo miaka yake bora kabisa, anapewa mechi nne. Mwanamume wa Broncos umri huohuo anacheza zaidi ya ishirini. Mimi naona hapo ndipo Ali alipoibiwa. Miaka yake ya dhahabu ilipimwa kwa kijiko.

Lakini fuatilia kilichofuata. Timu zikawa sita. Msimu wa 2021 uliahirishwa kwa korona ukachezwa mwanzoni mwa 2022, na ule wa 2022 ukachezwa mwaka huohuo. 2023 zikawa timu kumi. 2025 kumi na mbili, mechi 11 kabla ya mtoano. Na jinsi ligi inavyokua ndivyo Broncos walivyoanguka! Kuanzia msimu wa 2021 mpaka 2024, misimu minne, hawakugusa fainali. Nahodha ni yuleyule. Umri unakwenda, mabinti wa miaka 19 wanaingia, wamelelewa na mfumo ambao yeye hakuupata.

Na 54-4 haikudumu. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2023, New Zealand wakawafunga Australia 12-6 nyumbani kwao, Melbourne. Wachezaji wengi wa New Zealand wanacheza ligi hiihii ya NRLW. Ukilisha watu, wanapata nguvu ya kukupiga.

Kaputula la Babu (#13)

"Ukilisha watu, wanapata nguvu ya kukupiga." Hii naiweka kwenye status, shemeji zangu waione.

Mama Riziki (#14)

Sasa wanalipwa ngapi?

Mtabila Original (#15)

@Mama Riziki, hapa ndipo mchezo ulipo.

Katikati ya 2023 wachezaji, wanaume na wanawake kwa pamoja, walikuwa kwenye mvutano na wakuu wa ligi juu ya mkataba. Wakagoma kuongea na waandishi siku za mechi. Halafu wakafanya jambo dogo ambalo mimi lilinifurahisha: wakaziba nembo ya ligi kwenye jezi kwa utepe. Mtu anacheza, anakimbia, anafunga mguso, kamera inamsogelea kifuani, unaona kipande cha utepe. Hakuna aliyetukana wala kuvunja kiti.

Agosti yakaisha. Ukawa mkataba wa kwanza wa pamoja ulioingiza wanawake. Kima cha chini kwa mwanamke wa NRLW: dola 30,000 za Australia mwaka 2023, kikipanda kila mwaka hadi dola 50,600 mwaka 2027. Na mambo ya bima ya afya na likizo ya uzazi yakaandikwa.

Msipige hesabu kwa shilingi mkadhani ni utajiri. Dola 30,000 huku haikutoshi mwaka mzima, kodi ya nyumba peke yake inaila. Mimi na visu vyangu kiwandani napata zaidi. Wengi bado wana kazi ya pili. Ila ni mshahara, upo kwenye karatasi, una tarehe.

Ali wakati huo ana miaka 33. Kacheza miaka kumi na minne kabla karatasi hiyo haijaandikwa.

Mkosoaji Huru (#16)

Sawa, naanza kulainika. Ila bado namba zinasema bora ni Tamika Upton, mwenzake wa Broncos. Namba 1 yule, anafungua ulinzi kama kopo la maziwa. Isabelle Kelly naye. Ali ni jina kubwa kwa sababu ya muda.

Ngong Road Prop (#17)

Upton ni moto, sibishi. Lakini angalia anapokea mpira kutoka kwa nani. Namba 7 kazi yake haionekani kwenye orodha ya wafungaji. Tazama miguu ya Brigginshaw kabla hajatoa pasi: anakimbia kuelekea mtu wa ulinzi, anamlazimisha asimame amngoje, ndipo anaachia mpira. Yule beki amekwisha kuchelewa nusu hatua. Aliyepokea ndiye anapigiwa makofi. Hiyo nusu hatua ndiyo mshahara wake.

Mimi nilikuwa prop, kazi yangu kusukuma, namba saba ndio waliokuwa wananipigia kelele niamke. Nawajua.

Nyuki wa Tabora (#18)

Mleta uzi, alimalizaje? Au bado yupo?

Mtabila Original (#19)

@Nyuki, nilikuwa nakuja huko. Oktoba 5, 2025, Sydney. Fainali ya NRLW, Broncos na Roosters ya Sydney. Roosters walikuwa hawajafungwa mechi hata moja msimu mzima, mabingwa watetezi. Ali nahodha, miezi miwili atimize 36.

Nilitazamia kwa jirani, mzee mmoja aliyekuwa mchimba makaa kabla migodi haijafungwa. Sebule imejaa, wajukuu wamekaa sakafuni, soseji zinaungua nje hakuna anayekwenda kuzigeuza. Binti yangu kakaa ukingoni mwa kochi, magoti yamebana mikono. Dakika 35 kila kipindi, na mimi niliyetoka zamu asubuhi sikusinzia hata moja.

Broncos 22, Roosters 18.

Miaka mitano tangu kombe lake la mwisho la ligi. Safari hii hakuna wa kusema mechi nne, @Mkosoaji Huru.

Saa chache baadaye, uwanja uleule, wanaume wa Broncos nao wakaifunga Melbourne Storm 26-22. Tangu NRLW ianze, hakuna klabu iliyokuwa imewahi kubeba yote mawili mwaka mmoja. Ipswich hapa honi zililia mpaka usiku. Kazini kesho yake nusu ya watu wana sauti za kukwaruza, msimamizi mwenyewe hana sauti kabisa, anatuelekeza kwa mikono.

Yule mzee jirani, nilipomuaga naondoka, alikuwa amekwenda kusimama nje peke yake na zile soseji nyeusi. Nikamuuliza vipi. Akasema tu alikuwa anafikiria wasichana aliosoma nao.

Mkosoaji Huru (#20)

Haya. Nimevua kofia. Kofia tu, si jezi.

Kaputula la Babu (#21)

Uzi ufungwe upelekwe makumbusho. Ila hatujaambiwa jambo kuu: binti wa mleta uzi mechi ya kwanza ilikuwaje?

Mama Riziki (#22)

Hata mimi ndilo nasubiri.

Mtabila Original (#23)

MREJESHO:

Walifungwa 32-4. Yeye aliangusha watu wawili kihalali na mmoja ambaye hakuwa na mpira, refa akamwita pembeni akamweleza taratibu. Ule mguso mmoja alifunga mwenzake, ila wangu anadai pasi ilianzia kwake. Nimerudia video ya simu mara tatu, ilianzia kwake kweli, watu wanne nyuma.

Kinga ya meno imepotea. Jumamosi tunachemsha nyingine, mama yake kanunua kasufuria kadogo kakaandikia jina.